Fundi wa Kompyuta Mbili

Fundi hakuwahi kuikaribia kompyuta kwa mbele. Akiingia ofisini alisalimia watu kwanza, mmoja mmoja, kwa mkono, hata kama walikuwa ishirini na wote wamekasirika. Halafu alizunguka nyuma ya meza, akapiga magoti, na kwa dakika kumi mkabaki mkitazama makalio ya suruali ya kaki na kusikiliza mtu akiguna. "Huko mbele ni picha tu," angesema kutoka huko chini. "Shida iko huku, na vumbi pia iko huku. Nani hufagia hapa?" Kazi ya mtandao ilianza na ufagio.

Nilimjua zaidi ya miaka kumi, kwanza Thika, halafu Ruiru. Kazi yake ilikuwa kushughulikia kompyuta ambazo hazikupelekeana vitu kwa haraka. Si kuleta intaneti, si kuondoa virusi, si kurudisha picha za harusi zilizofutwa. Hii kompyuta inatuma faili kwa ile na inachukua nusu saa badala ya nusu dakika: hapo ndipo ulimwita. Na ziwe za mfumo wa Linux. Za aina nyingine aligusa kwa vidole viwili tu, akilalamika. Alitamka "Rinux", na mtu akicheka alimwangalia mpaka kicheko kikaisha chenyewe.

Nikueleze mapema kwa nini ninamkumbuka na moyo ukinidunda. Chuo ninachofundisha kilifungua tawi Ruiru, chumba kimoja cha kompyuta kumi na nane, na wanafunzi walikuwa wafanye mtihani wao wa vitendo humo kwa mara ya kwanza. Mkuu wa chuo alitaka kampuni ya vijana wenye fulana za nembo waje kuunganisha waya. Mimi nikasema, apewe Fundi. Mkuu akaniuliza, "Mwalimu, huyo mzee bado anaona?"

"Anaona kuliko mimi," nikajibu, na hata sikupepesa jicho.

"Sawa. Lakini hizo kompyuta zikikwama siku ya mtihani, mtaondoka pamoja. Wewe na mzee wako."

Nikacheka kama mtu mwenye uhakika. Nilipotoka nje nikampigia Fundi simu nikamrudishia maneno yote, pamoja na jibu langu, nikijisifu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema asante. Ningejiuliza ule ukimya ulikuwa wa nini, lakini wapi! Nilikuwa na haraka.

Basi mjue kwanza mtu mwenyewe.

Ukimwambia Fundi "network iko slow," ulikuwa umejitafutia. Nilimwona akimbana karani mmoja pale Makongeni kwa swali hilo hilo mpaka karani akatafuta kiti.

"Iko slow kati ya nani na nani?"

"Kila mahali, Fundi."

"Hakuna kompyuta inaitwa Kila Mahali. Nipe majina mawili."

"Aki zote ziko slow!"

"Umezijaribu zote?"

"La, lakini..."

"Ngai. Watu wawili wamekosana kanisani, wewe unataka nifunge kanisa. Nipe mbili."

Huo ndio ulikuwa utaratibu wake, na hakuubadilisha kwa mtu yeyote, awe mkubwa wa kiwanda au dada wa kuuza vocha. Angechukua kompyuta mbili, azitoe kwa zingine zote, aziunganishe kwa waya wake mwenyewe, waya mmoja tu, kisha atume faili kutoka ya kwanza kwenda ya pili akiwa ameshika saa. Zikienda vizuri, alirudisha kitu kimoja. Akapima tena. Akarudisha kingine. Uliketi hapo ukiona siku inaisha. Lakini kosa lilipoonekana, lilijisema lenyewe, na hakuna aliyeweza kubisha.

Faili lenyewe la kupimia lilikuwa video ya ruracio, sherehe ya mahari, ya binti wa dada yake, saa tatu na dakika kadhaa, haikukatwa hata kidogo. Alijua inapaswa kuchukua sekunde ngapi kwenye waya mzima, na ngapi kwenye waya mgonjwa. Shida ni kwamba alisahau kuifuta. Nusu ya ofisi za Thika zina ile ruracio. Niliwahi kuingia kwa wakala fulani wa bima nikakuta wasichana wawili wanabishana kama yule mjomba mwenye kofia alikuwa na haki ya kukataa mbuzi wa saba. Hawamjui mjomba, hawamjui bibi harusi, na tayari wameshika upande.

Kuhusu Linux zenyewe, alikuwa na maelezo yake. Chumba kingeweza kuwa na kompyuta sita na kila moja ina Linux ya namna yake, moja ya juzi, nyingine ya zamani, nyingine imewekwa na mtu aliyeenda Qatar. Watu walimwuliza kwa nini zisiwe sawa. "Ni madhehebu," alisema. "Mungu ni mmoja, lakini hawa wanasimama wakati wa kuomba na wale wanapiga magoti. Ukitaka waimbe pamoja, lazima ujue nani anaanza na saa ngapi." Kisha aliandika kwenye daftari kila kompyuta inafuata dhehebu gani, na mipangilio yake ya mtandao imekaa wapi. Mshiriki wa kanisa lake aliyesikia hayo alimshtaki kwa pasta. Pasta naye akaomba aje atazame kompyuta ya ofisi ya kanisa.

Kesi ninayoipenda zaidi ni ile ya mawakili wawili wa Makongeni. Asubuhi ofisi yao ilifanya kazi vizuri, saa nne ikaanza kuvuta miguu, saa sita kompyuta zikawa zinapelekeana barua kwa shida kabisa. Mafundi watatu walikuja asubuhi, wakapima, wakakuta iko sawa, wakaondoka. Fundi alikuja asubuhi pia, akapima, akakuta iko sawa, akaomba kiti. Akakaa kutwa. Kila nusu saa alituma ruracio na kuandika muda. Ilipofika saa tano na nusu, muda umeongezeka mara nne, akaanza kutafuta ile switchi, kisanduku kinachounganisha waya zote. Hakuiona. Aliona kitambaa.

Unajua vitambaa vyetu. Kochi lina kitambaa, meza ina kitambaa, redio ina kitambaa. Mama aliyesafisha ile ofisi alikuwa ameona kisanduku kimeachwa uchi kwenye rafu, kinapigwa na vumbi, akaona ni aibu mbele ya wateja. Akakifumia kitambaa cha njano chenye maua, kimekaa sawasawa, na tundu dogo kwa kila waya. Alikivalisha kila asubuhi akimaliza kufagia, jioni akakivua akakunja. Ndani yake kisanduku kiliiva taratibu mpaka kikawa hakijui kinabeba nini. Fundi aliweka mkono juu akautoa haraka.

Mawakili wakaanza kucheka. Fundi akawanyamazisha kwa kidole. Akakivua kile kitambaa pole pole, akakigeuza, akakitazama mshono. "Mama, hii ni kazi safi sana," akamwambia yule mama, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na machozi karibu. "Lakini hiki kisanduku ni kama jiko, kinataka kupumua. Hiki tukiweke kwa printa ya wakili mkubwa, ndiyo wageni waone vizuri." Na kikawekwa kwa printa, na wakili mkubwa akatakiwa kusema asante. Mimi nilikuwapo, nilikuwa nimeenda kuchukua hati. Siku hiyo nilimpenda yule mzee, na sijaacha.

Lakini usidhani alikuwa malaika. Duka moja la vipuri, la familia ya Kihindi iliyokaa Thika tangu zamani, lilimwita kwa sababu kuingia kwenye kompyuta kubwa ya stoo kulichukua nusu dakika nzima. Mwenye duka, mzee mwenzake, alisema Kigikuyu safi kuliko changu, na wawili hao waligombana kwa lugha hiyo kwa saa nzima.

"Mtandao wako hauna shida," Fundi alisema. "Ukishaingia, inakimbia ama haikimbii?"

"Inakimbia."

"Basi iko sawa. Hii inakusimamisha mlangoni ikiuliza wewe ni wa nani."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kila kompyuta ilipobisha, ile kubwa ilitaka kwanza kujua jina la mgeni, na iliiuliza mashine ambayo ilishang'olewa kitambo. Ikangoja jibu, ikangoja, mwisho ikachoka ikafungua. Fundi akaandika majina ya kompyuta zote humo humo ndani, na mlango ukafunguka mara moja. Mwenye duka akasema hata yeye alipoenda kuposa alihojiwa hivyo hivyo. Wakacheka, wakanywa chai. Halafu wakagombana tena, kwa sababu Fundi alikataa kuondoka kabla mwenye duka hajakiri, mbele ya wafanyakazi wake, kwamba aliyeing'oa ile mashine bila kuuliza ni yeye.

Hapo ndipo alipoudhi watu. Kosa likipatikana, alitaka mwenyewe alitaje kwa mdomo. Aliwahi kunifanyia mimi. Nilikuwa nimeipangia kompyuta moja mwendo kwa mkono, wakati upande wa pili uliachwa upatane wenyewe, na zikawa zinasema kwa wakati mmoja, hakuna inayosikia. Alinisimamisha mbele ya walimu wanane. "Mwalimu, nani alishika hapa?" Mimi. "Nani?" Mimi, Fundi, ni mimi! Nilimnunia wiki mbili.

Na yeye je? Aa, yeye! Miaka yote hiyo sikumsikia akikubali kosa lake hata moja. Alipitisha waya kando ya mota ya posho mill, mtandao ukawa unakufa kila wakisaga mahindi, akalaumu mahindi ya mwaka huo kuwa magumu. Alibana plagi vibaya kule kwa daktari wa meno, akasema jengo limeinama. Nilimwambia siku moja, "Fundi, wewe hukosei?" Akafikiri kwa makini sana. "Nikikosea nitakuambia," akasema.

Alikuwa na mambo mengine yasiyolingana. Alidharau mtandao wa hewani mpaka kutema mate, akisema kitu usichoweza kukivuta kwa mkono hakipo. Lakini nyuma ya nyumba yake palikuwa na jiwe moja ambapo wifi ya jirani ilishika, na jioni ungemkuta amekalia jiwe hilo akitazama mahubiri kwenye simu. "Hii si yangu," alisema. "Sina lawama nayo." Angesubiri waya saa sita bila kulalamika, lakini mhudumu wa hoteli akichelewesha chai dakika tano, alienda jikoni mwenyewe. Hoteli ya zamani kule Chania, ile inayotazama maporomoko, ilimwita siku mbili nzima. Watu hutoka mbali kuja kuona yale maji. Aliporudi nikamwuliza maji yalikuwaje.

"Maji gani?"

"Maporomoko, Fundi!"

"Nilisikia kelele," akasema. "Nilidhani ni jenereta."

Miaka miwili ya mwisho alianza kugombana na rangi. Ndani ya waya wa mtandao mna nyuzi nane, zimesokotwa mbili mbili, kila jozi na rangi yake: chungwa, kijani, bluu, kahawia, na kila moja ina mwenzake mweupe mwenye mstari wa rangi hiyo. Lazima zipangwe kwa utaratibu kwenye plagi. Fundi alianza kuzisogeza karibu na pua. Alisema siku hizi viwanda vinaiba rangi. Alisema zamani chungwa ilikuwa chungwa. Alihama kutoka meza hadi dirisha, kutoka dirishani hadi uani. Niliyaona yote hayo, nikanyamaza, maana nilijua nikiuliza nitapata jibu. Hiyo ni lawama yangu na siitupi kwa mtu.

Sasa, Ruiru. Chumba chetu kiko ghorofa ya pili upande wa Kamakis, na madirisha yakifunguliwa moshi wa nyama choma unaingia moja kwa moja. Mtihani ulikuwa Jumatatu. Jumamosi saa nne asubuhi, Fundi alipomaliza kubana waya zake, tuliwasha kompyuta zote kumi na nane. Kumi na tatu zikachukua kazi kutoka kompyuta kuu upesi. Tano zikatambaa. Mwanafunzi angekaa kwenye mojawapo ya hizo tano angemaliza mtihani Jumanne.

Mkuu alikuwa ameahidi kupita saa kumi.

Fundi alilaumu switchi. Tukabadilisha tundu, bado. Alilaumu madhehebu. Lakini mbili kati ya zile tano zilikuwa za Linux sawa kabisa na jirani zao zilizokuwa zikikimbia. Alilaumu jua la dirishani, tukafunga pazia. Alichukua kipimo chake cha waya, kidude chenye vijitaa vinane, akakichomeka kwenye waya wa kwanza, vijitaa vikawaka vyote kwa mpangilio, moja hadi nane. Wa pili, vyote. Waya zote tano, vyote. "Unaona? Waya ni mzima," akasema, na sauti yake ilikuwa ya juu kuliko kawaida.

Nikafanya alivyonifundisha. Nikachukua kompyuta mbili, kuu na moja ya zile zinazotambaa. Nikatoa waya wake, nikaweka mmoja wa dukani uliokuja umebanwa kiwandani. Ikaruka. Nikarudisha wake. Ikatambaa. Nikaenda dirishani na plagi mkononi, mgongo nimempa.

Plagi inaonyesha ndani. Mahali pa chungwa palikuwa na kahawia. Mahali pa kahawia palikuwa na chungwa. Nikavuta ncha ya pili: vivyo hivyo. Vijitaa havikudanganya, maana uzi wa pili ulifika wa pili na wa nane ulifika wa nane. Alipokosea ncha moja tu, kipimo kilimwonyesha akarudia. Alipokosea zote mbili sawasawa, kipimo kikamwambia hongera. Lakini jozi zilikuwa zimetenganishwa, kila uzi umelazwa na mke wa jirani, na ujumbe ukawa unaharibika njiani, unatumwa upya, unaharibika tena.

Nikaogopa kugeuka. Si kwa ajili ya kazi yangu, nasema kweli, ingawa kazi nayo niliitaka. Ilikuwa saa saba, na nyuma yangu mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwanafunzi akipangusa koleo ambalo halikuwa na uchafu.

"Umeona nini?" akauliza.

"Nadhani ni panya, Fundi."

"Panya."

"Ee. Ameuma waya."

"Ameuma wapi?"

Akainuka, akaja dirishani, akaichukua ile plagi mkononi mwangu. Akaileta karibu na pua, akaigeuza kwenye mwanga, akafumba jicho moja, akafumba la pili.

"Huu uzi ni rangi gani?"

"Kahawia."

"Na ule wa mwisho?"

"Chungwa, Fundi."

Akatazama muda mrefu. Huko chini mtu alikuwa anakatakata nyama kwa panga, tak tak tak.

"Mimi naona moja," akasema.

"Tangu lini?"

"Daktari alisema ni mtoto wa jicho. Yote mawili. Tangu Krismasi ile nyingine."

"Haiya! Na hukuniambia?"

"Nikuambie vipi, Mwalimu? Wewe ulikuwa umeshaambia mkuu naona kuliko wewe."

Niliketi chini. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga, na nadhani nilicheka, maana naye alicheka kidogo kupitia puani. Kisha akavuta meza karibu na dirisha, akakata ile plagi, akavua waya ngozi, akazinyoosha zile nyuzi kwa kidole gumba. Vidole vyake havikuwa na shida yoyote. "Waya tano, ncha kumi," akasema. "Wewe sema, mimi nitapanga. Na usiniharakishe."

Nikamshikia kila uzi nikitaja jina lake. Nyeupe ya chungwa. Chungwa. Nyeupe ya kijani. Bluu. Aliupokea kila mmoja, akaulaza mahali pake, akaushikilia kwa ukucha akingoja unaofuata, na mwisho akabana, kro! Ilichukua muda. Kila waya ulipomalizika tulizijaribu kompyuta zake mbili, na kila mara zikaruka. Nne zikapona. Tulikuwa katika ncha ya mwisho ya waya wa tano, vichwa vimegusana, mimi nikitaja rangi kwa sauti ya chini, mkuu alipofungua mlango nusu saa kabla ya wakati aliosema.

"Mnaomba?" akauliza.

"Karibu," Fundi akajibu bila kuinua kichwa. "Funga mlango, upepo unapeperusha nyuzi."

Mkuu akatazama kompyuta, akatazama vipande vya plagi vilivyotapakaa mezani. "Kulikuwa na shida? Shida ilikuwa nini?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimemtayarisha panya mwingine, mkubwa zaidi.

"Shida ilikuwa fundi," Fundi akasema.

"Fundi gani?"

"Mimi. Waya tano nimezipanga vibaya. Macho yangu hayatofautishi rangi, mkuu. Ulipouliza kama naona, jibu lilikuwa la."

Mkuu akanigeukia mimi. Sikuwa na pa kutazama isipokuwa sakafu.

"Na Jumatatu?" akauliza, polepole. "Jumatatu itakuwaje?"

"Jumatatu zitatembea. Nimepata macho mengine." Akaninyooshea koleo. "Haya yanaona rangi zote. Yanadanganya kidogo tu."

Mkuu aliketi kwenye kompyuta moja ya zile nne, akafungua karatasi ya mtihani ya majaribio, ikaja kabla hajaondoa kidole. Akajaribu ya pili. Kisha akaja mezani kwetu, akatoa simu yake mfukoni, akawasha tochi na kuielekeza kwenye vidole vya mzee.

"Haya, Mwalimu, endelea," Fundi akasema. "Tulikuwa tumefika kijani."